Wa Kwa Nani

Amne alikuwa anajua madoa. Vumbi jekundu la kiwanja cha Rau linatoka ukiloweka jezi kwenye maji ya baridi kabla ya sabuni. Ukitanguliza maji ya moto umelipika, litakaa. Damu inataka chumvi. Kijani cha nyasi kinataka ndimu na jua kali. Lakini utomvu wa mgomba ukishakauka kwenye nguo, sugua mpaka kucha ziishe, hautoki. Utaivaa nguo hiyo na alama zake za kahawia mpaka iwe tambara la kudekia.

Ndiyo maana siku Salvina alipofika kwenye timu na begi moja la mgongoni, akasema yeye ni mtu wa hapa hapa mjini, Amne hakubisha, ila alijua. Gauni la msichana yule lilikuwa na madoa ya mgomba kutoka kwenye pindo hadi kiunoni. Mtu wa mjini hayapati madoa hayo. Yanapatikana kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa kukata ndizi na kubeba majani ya ng'ombe kila asubuhi ya Mungu.

Amne alikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka ambao mama yake aliugua, na tangu hapo akazoea kukaa pembeni mwa watu wanaoongea. Kwenye timu ya wanawake ya Madada wa Rau alikuwa mfua jezi. Wachezaji walimpenda, kwani hakuwa na maneno. "Ukimwambia Amne siri," kipa wao Elinipendo alizoea kusema, "umeitupa kisimani, hata mwangwi husikii."

Kaka yake, Mudrik, alikuwa na kiduka Majengo, mlango wa tatu kutoka msikitini. Alitoa kopi, alichapa barua za watu, alitengeneza simu. Kutengeneza tovuti alijifunza mwenyewe, na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata ilikuwa tovuti ya Madada wa Rau. Kulikuwa na kampuni ya maji ya chupa iliyoahidi kuidhamini timu kama tu ingeonyeshwa kwamba kuna watu wanaoifuata. Na watu hawakuwapo. Siku za mechi pembeni mwa kiwanja alikaa mama wa karanga, mbuzi wawili, na wanaume watatu waliokuja kucheka.

"Nimeweka kura ya mchezaji bora wa mwezi," Mudrik alisema siku moja mchana, akiitazama kompyuta kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua. "Wamepiga kura watu kumi na mmoja."

"Hao ni sisi," alisema Elinipendo, aliyekuwa amekuja kubadilisha kioo cha simu. "Kila mtu kajipigia mwenyewe. Mimi nilitaka nijipigie mara mbili kwa simu ya shangazi, ikanigomea."

"Sasa hiyo ni kura au ni mahudhurio? Watu wa huku hawautaki mpira wa wanawake, basi."

Amne alikuwa kwenye kona anakunja jezi. Akasema, kama anayeziambia jezi, "Watu wa huku hawashangilii timu. Wanashangilia mtoto wa nyumbani."

"Unasema?"

Alitaka kunyamaza, lakini wote wawili walikuwa wamemgeukia. "Bibi yetu kule Old Moshi, ukimpelekea mgeni, kabla hajamwonyesha kiti anamuuliza, wewe ni wa kwa nani? Mgeni akishasema, bibi anacheka, anasema aa, wale wa karibu na mto, babu yako alikuwa na ng'ombe mwekundu. Hapo ndipo anakuwa mtu, anapewa na chai. Sisi kwenye tovuti tumeweka wasichana wenye namba mgongoni. Nani ataipenda namba?"

Tangu shule hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja. Mudrik alimtazama, akashika kalamu, akachora mlima nyuma ya karatasi ya kopi iliyoharibika.

Kazi iliwachukua siku kumi. Ukifungua tovuti ulikuwa unauona mlima wote, kutoka Machame mpaka Rombo, na juu yake vitone vidogo kama mbegu za ulezi. Kila kitone kijiji. Ukibonyeza kijiji chenu, anatokea binti anayetoka huko: sura yake, jina la baba yake, ukoo wake, namba anayocheza. Chini yake kuna kitufe cha salamu. Unabonyeza, unajitaja wewe ni wa kwa nani, unamsalimia binti yenu kwa sauti yako kwa dakika moja, na siku ya mechi salamu hizo zinapigwa kwenye spika kabla ya mpira kuanza. Jina la kipengele hicho Amne ndiye alilitoa: Wa Kwa Nani.

Kazi ya kuzunguka na daftari kuwauliza wachezaji majina ya kwao ilikuwa ya Amne pia. Amne alimkuta Salvina bombani, anajifulia gauni lile lile.

"Mimi niandike Majengo," Salvina alisema.

"Majengo ni kwetu sisi. Kwenu je?"

"Amne, baba yangu amekufa, mama amekufa. Kule Irikoni kwa Kimarai sina mtu. Andika Majengo."

Amne akaandika Majengo. Lakini kule dukani, Mudrik alipokuwa anaweka vitone, akauweka ukucha wake kwenye kioo, juu ya Uru. "Ona, hapa tuna tundu kama jino lililong'oka. Hatuna hata binti mmoja."

Laiti Amne angekumbuka gauni. Laiti angejiuliza mtu hukimbiaje nyumbani na begi moja. Lakini alikumbuka kwamba mwenzake ni yatima, hana wa kumtumia salamu, na siku ya kwanza spika zikiwaka kila msichana ataitwa na watu wake isipokuwa yeye. Mtoto kujulikana na watu wa kwao, ni ubaya gani utatoka humo? Hakuna mtu wa mlima ule ambaye angeuona. Tena, tuseme kweli, alipenda kuliziba tundu lile yeye mwenyewe.

"Salvina ni wa Irikoni, huko huko Uru," alisema. "Kwa Kimarai. Yatima."

"Mtoto wewe," Mudrik akasema, "una akili kuliko sisi tuliokaa darasani."

Kilichofuata hakikutegemewa na mtu. Wiki ya kwanza zilikuja salamu mia mbili. Wazee waliokuwa hawajui kuwasha simu waliwapa wajukuu wawawashie. Kutoka Kibosho kulikuja Canter nzima ya akina mama na vigelegele vyao. Elinipendo, aliyekuwa wa Rombo, aliletewa mkungu wa ndizi na jogoo aliye hai, akacheza kipindi chote cha kwanza jogoo amefungwa kwenye nguzo ya goli. "Huyu ndiye beki wangu," aliwaambia wapinzani. Mama wa karanga akaongeza kapu la pili. Wale wanaume watatu walirudi, safari hii hawakucheka. Kocha Gladness alimshika Amne mabega mbele ya timu yote akasema hivi ndivyo kichwa kinavyotumika, na Amne akaangalia miguu yake kwa furaha.

Salamu ya Irikoni iliingia siku ya Jumatatu. Amne aliisikiliza dukani, akaazima simu ya Mudrik, akakimbia nayo hadi bombani.

"Salvina! Njoo usikie. Unao watu!"

Sauti ilikuwa nzito, ya taratibu, sauti ya mtu aliyezoea kusoma masomo kanisani. "Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Aristides, wa kwa Kimarai, Irikoni. Huyo binti mnayemwona ni mtoto wa marehemu kaka yangu, Fabian. Tumemtafuta mwaka mzima. Mwambieni mtori uko jikoni. Jumamosi tutakuja wote kumwona."

Sabuni ilimtoka Salvina mkononi ikaingia kwenye mfereji, akaitazama inavyokwenda.

"Nani kawaambia Irikoni?" aliuliza.

"Mimi. Nilidhani..."

"Nilikwambia uandike Majengo."

Hapo ndipo alipomwambia. Baba yake hakuzaa mtoto wa kiume. Alipojua kwamba anakufa aliita ukoo, akasema mbele ya watu kwamba kihamba ni cha Salvina, akaandika na karatasi, mwenyekiti wa kijiji akaigonga muhuri. Watu waliitikia kwa kichwa kwa sababu alikuwa mgonjwa. Alipozikwa, ndani ya kihamba hicho hicho, baba mdogo Aristides alishapata mtu wa kukinunua, mtu anayetaka kujenga nyumba za watalii. Kilichokosekana ni Salvina kukubali kwa maandishi.

"Nikakataa. Akanifungia kwenye stoo ya kahawa. Siku nne, Amne. Siku ya tano nikatorokea dirishani." Akaisugua nguo bila sabuni. "Na ndiye aliyeninunulia njumu za kwanza. Baba alisema msichana hachezi mpira, yeye akaenda mjini akaninunulia. Wakati mwingine hata sijui nimchukieje."

"Turipoti polisi."

"Polisi wataniuliza, huyo ni nani yako? Nitasema ni baba yangu mdogo. Wataniambia nenda nyumbani mkayamalize." Akamshika Amne mkono, mikono yote miwili imejaa povu. "Sikiliza. Jumamosi anakuja kocha wa timu ya Dar kuniangalia. Nikicheza vizuri Jumapili nimeondoka, hawanipati tena. Ninachotaka ni hiyo siku moja. Mwambie kaka yako aniondoe kwenye huo mlima wenu. Leo. Wakiona nimeondolewa, watajua nimehama. Na usimwambie mtu haya."

"Nitamwambia akuondoe."

Mudrik alimsikiliza huku anauma kipande cha muhogo. "Leo haiwezekani. Jumamosi watu wa kampuni wanakuja, na Irikoni ndiyo inabonyezwa kuliko vitone vyote. Nikiifuta nitawaonyesha nini? Jumamosi jioni naitoa, haki ya Mungu."

"Kaka, ni hatari."

"Hatari gani?"

Amne alifungua mdomo. Siri ilikuwa pale pale, mlangoni mwa meno. Lakini aliambiwa asimwambie mtu, na kutunza siri ndiyo sifa pekee aliyowahi kupewa duniani kabla ya hii ya mlima. Akasema, "Basi tu."

"Basi tu sio hatari. Nenda, nitaitoa."

Salvina alipomuuliza jioni, alijibu, "Amesema ndiyo." Nusu ya kweli ni nyepesi kubeba. Salvina akapumua, akarudi mazoezini.

Jumamosi kiwanja kilikuwa hakina pa kukanyaga. Canter ya Irikoni ilifika mapema, akina mama wamevaa kitenge cha aina moja, wameandika jina la Salvina kwenye shuka jeupe. Nyuma yake kulikuwa na Noah ya kijivu. Salvina alikuwa anapasha misuli. Aliliona shuka, akaiona Noah, kisha akamtafuta Amne kwa macho mpaka akampata kwenye kirundo cha mabegi. Akafunga kamba za njumu upya, moja, halafu nyingine, akaingia uwanjani.

Alicheza kama mtu ambaye ardhi inamuunguza. Goli la kwanza alilifunga akitokea kati, akawaacha mabeki wawili wamekaa chini. La pili alimtengenezea mwenzake. Akina mama wa Irikoni walilia kwa furaha. Bibi mmoja mfupi, aliyefunga kilemba cha njano, alipiga vigelegele hadi akashikwa na kikohozi. Kocha wa Dar alikuwa anaandika kwenye kidaftari, haachi.

Filimbi ya mwisho ilipolia, watu waliingia uwanjani. Wakatengeneza duara, na katikati ya duara akaja mzee Aristides. Koti safi, kofia mkononi. Mkono wa pili ameshika jani refu la kijani, limefungwa fundo.

Hata watoto wa mjini wanaijua isale. Mtu akikuletea jani hilo lenye fundo anakuomba msamaha, na isale haikataliwi. Umwage damu au uibe ng'ombe, jani likishanyanyuliwa mbele ya watu yamekwisha. Anayelikataa ndiye mwenye kosa tangu saa hiyo, yeye na uzao wake.

"Mwanangu," mzee Aristides alisema, na machozi yalikuwa ya kweli, Amne aliyaona. "Kama nilikukosea, mbele ya watu hawa wote nakuomba. Rudi nyumbani."

"Pokea!" sauti ikatoka kwa akina mama. "Pokea, binti! Isale haikataliwi!"

"Pokea! Pokea!" Sasa ni kiwanja kizima, wa Kibosho, wa Machame, wa Rombo, wote walioletwa na vitone vile, simu zimeinuliwa juu. Mudrik alikuwa na kipaza sauti. "Mnaona wapendwa! Hii ndiyo Wa Kwa Nani! Tumemrudisha mtoto nyumbani!" Kocha Gladness alikuwa anajifuta macho kwa kamba ya filimbi yake. Watu wa kampuni wakapiga makofi.

Salvina akamwangalia kocha wa Dar. Yule bwana akatabasamu, akafunga kidaftari. "Nenda ukaage wazee, binti. Mtu haanzi safari bila baraka. Jumatatu nakupigia."

Kisha akamwangalia Amne.

Amne alikuwa hatua kumi kutoka pale. Alijua stoo ya kahawa. Alijua siku nne. Watu wote wale, mamia kwa mamia, na katika vichwa vyote ni kichwa chake tu kilichokuwa na neno ambalo lingelizuia jani lile hewani. Alilitafuta. Ulimi ulikwama kama wa mtoto wa darasa la tano aliyeitwa ubaoni. Alidhani mtu mwingine atasema. Alidhani labda machozi yale ni ya kutosha. Akaangalia miguu yake.

Alipoinua macho, jani lilikuwa mkononi mwa Salvina na vigelegele vimeshafika mawinguni.

Salvina akaketi kwenye nyasi, akavua njumu, akaja miguu mitupu hadi kwenye mabegi. "Nisafishie," akasema. "Nitazifuata."

Akina mama walimbeba juu juu mpaka kwenye Noah.

Video ile ilitazamwa kuliko kitu chochote kilichowahi kuwekwa kwenye tovuti. Jumanne kampuni ikaweka sahihi. Mudrik hakuiondoa Irikoni kwenye mlima, na Amne hakuuliza. Jumatatu kocha wa Dar alipiga, simu haikupatikana. Alipiga tena Jumatano, halafu akaacha. Kocha Gladness alimpigia mzee Aristides, akajibiwa kwa upole kwamba mtoto anakula na kupumzika, wamwache apate nafuu ya moyo. Njumu zilikuwa zimesafishwa, zimewekwa magazeti ndani zisipoteze umbo, zinaning'inia kwenye msumari.

Wiki ya tatu habari zikashuka kwamba Salvina ameanguka kwenye mfereji wa maji ya shamba, amevunjika mguu, yuko hospitali, Mawenzi.

Amne alikwenda na njumu ndani ya mfuko. Hakujua kwa nini alizibeba. Salvina alilazwa karibu na dirisha, mguu wa kulia umefungwa hogo la plasta kutoka kwenye unyayo hadi pajani. Kwenye kiti kando ya kitanda aliketi mzee Aristides, anamenya chungwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiye uliyetuandikia ile kwenye simu? Kocha aliniambia. Mungu akubariki sana. Bila wewe tusingempata."

Amne akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Daktari anasema atatembea," mzee akaendelea. "Mpira ndiyo basi. Lakini mpira ni wa ujana, sivyo? Kule mferejini pana utelezi, nimemwambia tangu akiwa mdogo."

Salvina alikuwa anatazama dari. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, na Amne akauona kwa jicho lile la kazi yake, lisiloweza kulala. Kwenye kidole gumba, pembeni mwa ukucha na ndani ya mistari ya ngozi, kulikuwa na doa la zambarau lililosuguliwa sana. Wino wa muhuri. Wino ule ukiingia kwenye ngozi hauondoki kwa sabuni. Unaungoja ukue na ukucha.

Salvina alifika kidato cha nne. Alikuwa na mwandiko mzuri, mwandiko wa mkono wa kulia. Jezi zote za timu ndiye aliyeziandika majina ndani ya kola. Mtu anayejua kuandika haombwi kidole gumba. Labda awe amelala. Labda mkono wake unashikwa na mtu.

Mzee alikwenda kutupa maganda. Salvina akageuza shingo.

"Ulisema ameniondoa."

"Nilisema amesema ndiyo."

"Na uwanjani hukusema kitu."

Amne alitaka kulia, akaona kwamba hata kulia kungekuwa ni kuomba msamaha. "Kile kidole..." akaanza.

"Hukusema," Salvina akarudia, bila hasira, kama anayesoma kilichoandikwa ukutani. "Hizo njumu mpe Elinipendo. Miguu yetu inalingana."

Hatua za mzee zikasikika zinarudi.

Kesho yake Amne alipanda Irikoni peke yake, kwa miguu kutoka mwisho wa lami. Ofisi ya kijiji ilikuwa na benchi, meza na picha ya ng'ombe wa maziwa. Mtendaji alikuwa mtu wa makamo, mpole, anakunywa uji.

Safari hii alisema. Maneno yaligongana, lakini aliyatoa yote: stoo ya kahawa, karatasi ya marehemu yenye muhuri, kidole chenye wino cha mtu anayejua kuandika, mguu. Alisema mpaka jasho likamtoka chini ya mtandio. Mtendaji aliweka kikombe chini, akamsikiliza hadi mwisho.

"Binti," akauliza, "na wewe ni wa kwa nani?"

"Mimi? Mimi ni wa Majengo. Nafua jezi."

"Una undugu na kwa Kimarai?"

"Hapana."

"Kwenye kikao cha ukoo ulikuwapo? Karatasi unayo?"

"Hapana."

"Mimi nimeipokea karatasi yenye kidole na mashahidi wanne, wote wa ukoo. Na nchi nzima imeona kwenye simu mtoto anapokea isale kwa mkono wake mwenyewe. Ninyi wenyewe ndio mliotuonyesha." Alisema kwa huruma, kama anayemweleza mgonjwa. "Maneno kama haya ungeyasema siku ile, mbele ya watu, pengine. Leo ni maneno ya njiani. Rudi nyumbani, mama yako asikutafute."

Wakati wa kushuka alipita kando ya kihamba chenyewe. Alikijua kwa kaburi jeupe lililokuwa katikati. Mibuni ilikuwa imeng'olewa, imelazwa mizizi juu. Migomba imekatwa, utomvu bado unadondoka kwenye vigutu. Kilichokuwa kimesimama ni ua wa masale, mimea ya majani yale yale ya isale, mpakani, safu ndefu ya kijani, na kwenye kona, usawa wa mkono wa mtu mzima, shina moja lilikuwa limekatwa jani. Mzee hakwenda mbali kutafuta msamaha. Aliuchuma mpakani mwa shamba la mtoto.

Akina mama wanne walikuwa wanapanda na mizigo ya majani ya ng'ombe. Walimtambua.

"Wewe si yule wa jezi? Binti yetu hajambo? Tumemtumia salamu kwenye simu, mnampigia azisikie?"

"Mechi nyingine lini? Vitenge tumeshavifua."

"Hatacheza tena," Amne alisema. Akawaambia. Pale pale njiani, kwa sauti ambayo hakujua anayo, akawaambia kila kitu, na alipofika kwenye kidole mmoja wao akaanza kutikisa kichwa.

"Usiyaseme hayo, mwanangu. Wale ni watu wa kanisa."

"Isale ilishapokelewa. Ukifukua utaleta msiba."

Wakapandisha mizigo, wakaondoka wakiongea Kichagga kwa haraka. Akabaki mmoja, bibi mfupi wa kilemba cha njano, yule wa vigelegele. Majani yalikuwa kichwani, hakuyashusha.

"Kidole gani?" akauliza.

Amne akainua gumba lake la kushoto.

Bibi akalitazama muda mrefu. Akautazama ua wa masale, lile shina lililokatwa. Mdomo wake ulifunguka, ukakaa wazi hivyo, kisha ukafungika. Akaushika mzigo kwa mikono miwili, akawafuata wenzake mlimani, hatua fupi fupi, na hakugeuka.

Amne alisimama pale hadi alipojikuta bado ameinua kidole. Akakishusha. Pindo la gauni lake lilikuwa limegusa vigutu vya migomba, limelowa utomvu. Hakulipangusa.